Kikombe cha Mdogo

Tak Jae-un alishuka garini mkono mmoja kiunoni, mkono wa pili umeshika mfuko wa mapichi. Aliyanunua kando ya barabara, karibu na daraja la kuingilia Yecheon, na hakuyanunua kwa njaa. Aliyapendea rangi yake, ule wekundu unaofifia kuwa weupe kama shavu la mtoto aliyetoka kulia. Tangu darajani alikuwa akiyaona yamekaa pembeni mwa meza, yakipokea mwanga wa jioni.

Shemeji yake, Bi Gye-sun, alikuwa amechuchumaa kwenye baraza ya mbao mbele ya kikaango kipana, akigeuza minofu ya samaki iliyochovywa kwenye yai. Alikuwa kazini tangu asubuhi, na nywele zilimganda kipajini.

"Karibu, shemeji. Umekonda. Hicho nini?"

"Mapichi. Ya mezani."

"Meza ipi?"

"Ya baba."

Mwiko ukasimama hewani. Bi Gye-sun akamtazama, akautazama mfuko, kisha akapaza sauti kuelekea uani. "Baba Yeon! Njoo umwone mdogo wako! Miaka ishirini na miwili haji kwenye tambiko la baba yake, leo kaja, tena kaja na mapichi ya kumfukuzia mzee!"

Kila mtoto wa kijiji kile alijua kwamba mizimu huliogopa pichi. Halipandwi uani, haliwekwi kwenye meza ya tambiko. Jae-un naye alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alisimama pale na mfuko wake, akahisi uchovu ukimpanda kutoka nyayoni. Hakuwa amesahau hasa. Siku hizi alipotazama kitu, alikiona rangi yake kwanza, maana yake ikafuata nyuma ikichechemea, na mara nyingine haikufika.

"Tutayala sisi," alisema kaka yake, Jae-myeong, akitoka bandani na jembe. Alikuwa na miaka sabini na moja na magoti yaliyoharibiwa na shamba la matofaa. "Wenye uhai hawaogopi pichi. Ingia, Jae-un. Umekula?"

"Nimekula."

Hakuwa amekula.

Jae-un alikuwa mwongozaji wa filamu. Hii aliyokuja kuimalizia ilikuwa ya tisa, naye alijua ndani ya mifupa yake kwamba ya kumi haitakuwapo. Watu wa filamu kule Seoul walipomtaja walishusha sauti kidogo, kama watu wanavyomtaja mgonjwa. Filamu yake ya kwanza, ya mwanamke anayeendelea kukata tiketi katika kituo ambacho basi lake limekwishafutwa, ilipata tuzo katika mji mmoja wa baridi huko Ulaya. Watu wa kule walisimama wakampigia makofi, naye akasimama jukwaani ndani ya suti ya kuazima asijue mikono aiweke wapi. Nyumbani ilionyeshwa katika ukumbi mmoja, asubuhi tu, saa ambazo watu wenye akili zao wako kazini.

Ikawa hivyo hivyo kwa zilizofuata. Makofi ya mbali, viti vitupu vya karibu. Alikuwa na tabia ya kuiacha kamera chumbani baada ya watu kuondoka: mlango umefungwa, chai inapoa, na kamera bado inatazama. Wachambuzi waliandika kurasa nyingi juu ya vyumba vile. Madereva wa wafadhili walisema filamu za Tak ni dawa nzuri ya usingizi, na isiyo na madhara. Mkewe alimvumilia kwa filamu tatu, kisha akaondoka bila kupiga kelele, akiwa ameufunga mlango nyuma yake taratibu mno, na Jae-un aliona haya alipogundua kwamba alikuwa amebaki akikitazama chumba ili aone kitadumu muda gani kabla hakijachosha.

Kijijini hawakuijua kazi yake vizuri. Mama yake, alipokuwa hai, aliwaambia majirani kwamba mwanawe anashughulika na mambo ya picha, nao wakaelewa kwamba ana studio. Likizo moja wazee wakajipanga uani wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, wakamwomba awapige picha za kuwekwa siku ya mazishi yao. Aliwapiga wote. Zikawa ndizo kazi zake zilizotazamwa na watu wengi zaidi katika wilaya ile. Baba yake alikuwa wa mwisho kukaa kitini. Jae-un alisema, "Tena, baba," na baba akakaa sawa. "Tena." Neno hilo ndilo lililomtambulisha Jae-un kazini; vijana wa kazi walilitania wakilewa, kwamba Mwongozaji Tak akifa atafumbua jicho kaburini aseme tena. Picha ile bado ilining'inia ukutani barazani, na mdomo wa mzee haukuwa umefungwa vizuri, kwa sababu alipigwa akiwa katikati ya kusema, "Bado tu?"

Baba alikufa mwezi wa sita, Jae-un akiwa kilimani huko Gangwon akiisubiri mvua ya kwanza ya masika kwa ajili ya tukio la mwisho la filamu ya nne. Simu ilipokuja, mawingu yalikuwa yameshajikusanya. Akasubiri siku moja zaidi. Mvua ikanyesha, akaipata, na alipofika nyumbani na matope hadi magotini, udongo wa kaburi ulikuwa umeshashindiliwa. Hakuna aliyemsema. Kaka yake alimletea bakuli la supu. Kila mwaka tangu hapo, siku ya tambiko ilipofika, Jae-un alikuwa porini au mjini na kamera, kwa kuwa mwezi wa sita ni mwezi wa kumalizia kazi kabla mvua za masika hazijaanza. Mwaka wa kwanza alikuwa na sababu. Baadaye alikuwa na mazoea.

Mwaka huu alipiga simu mwenyewe. Alisema anakuja, na watu wake wanne na kamera. Tambiko la baba ndilo litakalokuwa tukio la mwisho la filamu.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu. Katika tambiko kuna saa ambapo vikombe vya pombe vimeshamiminwa, kijiko kimesimikwa katikati ya bakuli la wali, na watu wote wanatoka chumbani na kufunga mlango wa karatasi ili marehemu ale peke yake. Wanasimama nje wameinamisha vichwa kwa muda wa kula vijiko tisa. Kisha mkubwa wa nyumba anakohoa mara tatu, maana hata mzimu haustahili kufumwa mdomo umejaa, na mlango unafunguliwa. Jae-un alitaka kamera ibaki ndani.

"Hata sisi tulio hai hatupendi kutazamwa tukila," Bi Gye-sun alisema mchana ule, wakati Pyo Ha-rin, mpigapicha wa Jae-un, akipima mwanga chumbani. "Nyie watu mna adabu gani? Mlianzaje hii filamu yenu? Mlimtambikia hata nguruwe?"

Kwao, kazi yoyote ya filamu huanza kwa kichwa cha nguruwe mezani na watu kukiinamia. Pyo alijikuna shingo. "Mwaka huu, mama, bajeti haikuruhusu. Tuliweka picha ya nguruwe kwenye simu."

"Mkaiinamia simu?"

"Tukaiinamia."

"Haya! Basi msishangae mkizipata baraka za picha." Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamgeukia shemeji yake, na kicheko kikapungua. "Unatafuta nini humo ndani, shemeji? Niambie kwa Kikorea cha kawaida, usiniambie kama unavyowaambia wazungu."

Jae-un alikuwa akiutazama mlango. Karibu na kitasa, ndani ya karatasi nyeupe, palikuwa na jani jekundu la vuli, limebanwa kati ya karatasi mbili. Alipokuwa na miaka saba, katika tambiko la babu, alilowesha kidole kwa mate akatoboa pale tundu na kuchungulia ili amwone mzimu akila. Aliona moshi wa ubani, wali, kijiko kimesimama. Hapakuwa na mtu, na bado chumba hakikuwa kitupu. Alipigwa viboko vya miguu siku ile. Kesho yake baba akaliziba tundu kwa jani, na kila vuli karatasi ilipobandikwa upya, jani jipya liliwekwa mahali palepale. Baba alipokufa, Jae-myeong aliendelea kuliweka.

"Mwache," alisema Jae-myeong. "Kamera haina mdomo. Haitamla mzee."

"Basi hiyo taa yake nyekundu izibwe. Baba mkwe aliogopa moto tangu banda liungue."

Pyo akaiziba taa kwa utepe mweusi.

Walianza saa moja jioni, jua la mwezi wa sita likiwa bado juu ya mashamba ya mpunga na vyura wameshaanza kelele. Jae-myeong alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya kitani na kofia nyeusi ya manyoya ya farasi. Aliandika jina la baba kwenye karatasi, akaisimamisha mezani, akawasha ubani. Akamimina kikombe cha kwanza, akainama. Magoti yalilia kama kuni mbichi motoni.

Kikombe cha pili ni cha mdogo.

Jae-myeong aligeuka, ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, akasubiri. Jae-un alikuwa nyuma ya kamera, jicho kwenye kioo. Ndani ya kioo kile kaka yake alionekana vizuri sana, nusu kwenye mwanga, nusu kwenye kivuli, mikono imenyooshwa kumwelekea. Ilikuwa picha nzuri kuliko alizozipata mwezi mzima. Bila kuliondoa jicho, Jae-un aliutoa mkono wake pembeni na kumpungia: endelea.

Jae-myeong alisubiri kidogo zaidi. Kisha akajimiminia mwenyewe, akakizungusha kikombe juu ya moshi, akakiweka mezani. "Baba, hiki ni cha Jae-un," alisema kwa sauti ya chini, bila lawama, kama mtu anayerudia maneno aliyoyazoea. Akainama kwa niaba ya mdogo wake. Bi Gye-sun, aliyekuwa mlangoni na sinia, alifumba macho.

Kijiko kikasimikwa. Watu wakaanza kutoka. Pyo, mtu wa mazoea mema, aliibonyeza kamera irekodi, akatoka. Jae-un alikuwa wa mwisho. Akiwa na mashaka ya mtu aliyekwishapoteza mengi, aliinama na kubonyeza kitufe yeye mwenyewe, kwa uhakika. Kitufe kile ukikibonyeza mara moja kinaanza, na ukikibonyeza tena kinazima. Taa ingemwambia, lakini taa ilikuwa imezibwa.

Walisimama nje. Vyura walipiga kelele. Jae-myeong akakohoa, akakohoa, akakohoa. Mlango ukafunguliwa, supu ikaondolewa, maji yakaletwa, wakainama kumuaga mzee, na karatasi yenye jina lake ikachomwa uani. Jivu lilipanda juu kidogo, likapotelea upande wa mashamba.

Pyo ndiye aliyegundua. Aliitazama kamera, akaitazama tena. "Mwongozaji. Kuanzia mlango ulipofungwa... hakuna kitu."

"Hakuna vipi?"

"Niliiwasha mimi. Mwongozaji ukaizima."

Neno likatoka lenyewe, kama kikohozi. "Tena," alisema Jae-un.

Bi Gye-sun aliweka sinia chini polepole. "Tena nini, shemeji? Umwite mzee kutoka njiani, arudi ale chakula kilekile, kimeshapoa? Kwani yeye ni mwigizaji wako?"

"Hatumwiti, mama," Pyo alijaribu kutuliza. "Tunafunga mlango tu. Chakula kipo, kijiko kipo, mwanga bado upo kidogo. Tukiandika karatasi nyingine hakuna mtazamaji atakayejua."

"Wewe utajua. Na huyu atajua."

Jae-un alimtazama kaka yake. Alijua kwamba bila tukio lile hana mwisho, na bila mwisho hana filamu, na bila filamu hii alikuwa na chumba cha kupanga huko Suyu, pembeni mwa Seoul, na kumbukumbu za vyumba vyote alivyowahi kuvitazama. Alisema tu, "Kaka."

Jae-myeong aliivua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. "Karatasi siandiki," alisema. "Jina la baba haliandikwi kwa mchezo. Lakini mlango ni mlango. Mlango nitakufungia."

Mara hii Jae-un alibaki ndani, ili aione kamera kwa macho yake. Hakukuwa na wa kumkosea heshima. Mgeni alikuwa amekwenda. Aliubandua utepe, taa nyekundu ikawaka, akaketi ukutani nje ya picha. Mlango ukafungwa. Mwanga wa jioni ukabaki kwenye karatasi, na jani likaonekana jeusi.

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Moshi, wali, kijiko kilichosimama. Alikisubiri kile alichokiona akiwa na miaka saba, akatumia maisha yake yote kukitafuta, na hakikuja. Chumba kilikuwa kitupu. Kilikuwa kitupu kama vyumba vyote alivyovionyesha duniani, na watu wakasimama na kuvipigia makofi.

Kupitia karatasi alimsikia Bi Gye-sun. "Baba Yeon, sasa kwa nini unainamisha kichwa? Unamngoja nani? Mzee ameshakwenda zake."

"Namngoja Jae-un."

"Si yumo humo ndani?"

"Ndiyo. Marehemu ukiwaita wanakuja. Mwaka hadi mwaka, hawajakosa. Huyu ndiye niliyekuwa namwita haji. Leo kaja. Niache nimngoje vizuri."

"Na magoti yako?"

"Magoti yana nini? Yamezoea."

Jae-un aliiangalia taa nyekundu. Alitaka kuinyoosha shingo atazame kioo, aone mwanga umebaki kiasi gani, na mwili ukakataa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alisikia njaa, njaa kubwa, ya mtoto aliyetoka shule kwa miguu. Alisimama akishika ukuta. Akapita mbele ya kamera yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika filamu nane, akapiga magoti mezani palipokuwa na nafasi ya karatasi iliyochomwa. Kulikuwa na kikombe kimoja kitupu. Alikijaza pombe, akakizungusha juu ya moshi kama alivyofundishwa zamani, akakiweka, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Alikaa hivyo kwa muda. Mgongo ulimuuma. Kisha akakichomoa kijiko kwenye wali.

Wali ulikuwa wa baridi. Aliula na samaki wa yai, na mboga ya mwituni aliyoipenda mama yake, akala bila kupumzika, kichwa chini, mashavu yakijaa. Machozi yalimtoka akiwa anatafuna, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Aliisahau kamera, kama alivyowafundisha watu miaka yote waisahau nao wakashindwa.

Nje, uvumilivu wa Bi Gye-sun ukaisha. Kukasikika mkwaruzo mdogo kwenye karatasi. Karibu na jani, kidole kilicholowa mate kikatokeza, kikazunguka, kikajiondoa. Kwenye tundu likaja jicho.

"Unaona nini?" Jae-myeong alinong'ona.

"Anakula."

"Anakula?"

"Anakula kama mtu aliyefunguliwa jela."

Jae-myeong, aliyekuwa ameshakusanya pumzi ya kukohoa, aliisikia ikimkwama kifuani. Mkewe akamshika mkono wa kanzu.

"Usikohoe kwanza," alisema. "Mwache amalize."